Mtoto ana kansa ya figo: itolewe figo nzima au wakate uvimbe tu?

mamamdogo_T: Jamani naombeni mawazo, mtoto wa dada yangu ana miaka 3, kakutwa na uvimbe wa Wilms (hiyo kansa ya figo ya watoto) figo ya kushoto, ya kulia haina shida. Daktari anasema figo yote itoke, sasa dada kasikia siku hizi wanakata uvimbe peke yake figo inabaki, hataki kusikia kingine. Kipi bora?

babapacha: Pole sana. Wa kwangu ulikuwa pande zote mbili, sisi hatukuwa na cha kuchagua, ukitoa zote mtoto anaishi kwa mashine. Akaanza kemo (dawa za kansa) wiki 6, wakarudia emarai (MRI, picha ya ndani ya mwili), uvimbe umenywea, ndo wakakata na kubakiza figo kila upande palipokuwa pazima. Ila nyie mna figo moja safi, hesabu yenu nyingine kabisa.

nesi_wodi: Kweli. Kubakiza figo ni hasa kwa pande mbili, aliyezaliwa na figo moja, au mwenye shida za vinasaba za kuzaliwa nazo kama WAGR na Denys-Drash. Wengine wote figo inayobaki inajaza pengo, wanaokuja kufeli figo hawafiki hata 1 kati ya 100. Na huo uvimbe ni laini mno, ukipasuka wakati wa kukata anahesabiwa steji ya 3, kemo inaongezwa na tumbo linapigwa mionzi. Ndo maana hata kumbonyezabonyeza tumbo hatutaki!

mbishi_kidogo: Mi bado nabisha. Ulaya wanatanguliza kemo hata ukiwa upande mmoja, Marekani wengi wanaanza na kisu. Sasa ukitanguliza kemo, uvimbe ukisinyaa na umekaa kule nchani, si unakatwa huo tu figo ikabaki? Muulizeni umekaa wapi.

nesi_wodi: Hapo sawa, inawezekana kwa wachache. Mamamdogo mwangalieni mtoto macho yake, kama hana lile duara la rangi mwambieni daktari haraka, hiyo inaendana na WAGR na mpango wote unabadilika.

mamamdogo_T: Macho yako vizuri. Nimempigia dada sasa hivi, anasema uvimbe uko katikati, umelalia mshipa mkubwa

babapacha: Basi dada hapo hakuna cha kubakiza, waitoe. Baadaye msiache kumpima presha na protini ya mkojo, na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni asipewe bila kumuuliza daktari.