Wakuu naomba ushauri: naichambuaje Sonic Heroes bila kuwadanganya madogo wa bandani?

MzabibuMchanga

Habari zenu wakuu. Nina banda la gemu hapa Dodoma, upande wa Chang'ombe. TV nne, PS2 tatu, PS3 moja. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa shule ya msingi, na wanachotaka siku zote ni mpira. Sina ugomvi na mpira, ndio unaolipa kodi ya fremu. Ila zipo CD nzuri zimekaa kabatini mpaka zimeshika vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua, upepo ukianza hata mlango uliofungwa haulizuii.

Kwa hiyo kila Jumamosi nabandika ukutani karatasi moja niliyoiandika kwa Kiswahili. Nachambua gemu moja: inachezwaje, tamu wapi, inaudhi wapi, inamfaa mtoto wa umri gani. Madogo wanasoma kweli. Kuna mmoja wa darasa la nne anasimama pale anasoma kwa sauti, wenzake wanamsikiliza. Hapo ndipo ninapopata woga. Mtoto akitoa mia tano yake kwa sababu ya karatasi yangu, halafu akaondoka amenuna, nitakuwa nimemdhulumu.

Jumamosi hii ni zamu ya Sonic Heroes, gemu ya mbio ya yule Sonic wa buluu, na nimekwama. Hii gemu niliicheza nikiwa mdogo kwa kaka yangu Majengo, tukilala saa nane za usiku. Naipenda. Lakini wiki mbili hizi nimekuwa nikifunga banda saa tatu usiku na kuirudia peke yangu, na naona mambo ambayo utotoni sikuyaona. Nikimtoa Sonic kwa kasi kwenye daraja jembamba anateleza kama yuko juu ya sabuni. Namlenga adui hewani, anampita, anatumbukia shimoni. Kamera nayo inajibanza ukutani wakati naihitaji. Zile levo za kasino, ambako wahusika wanageuka mipira ya kurushwarushwa, jana nilizima TV kwa hasira.

Na bado wazo lake sijaliona vizuri hivi kwingine. Unaongoza watatu kwa mpigo: mmoja wa kasi, mmoja wa kuruka, mmoja wa nguvu, na unabadilisha kiongozi kadiri njia inavyotaka. Ukuta mrefu, unamweka mrukaji mbele. Jiwe limeziba njia, anakuja mwenye ngumi. Njia nyeupe imenyooka, unamwachia wa kasi.

Sasa nisaidieni. Timu za watatu watatu ziko nne, nami nimemaliza ya Sonic tu, ya Dark niko katikati. Ni halali kuandika kabla sijazimaliza zote? Niihukumu kama gemu ya wakati wake au kama ya leo? Na alama, niweke ngapi kwa kumi?

FundiPedi

Mkuu, kabla hujaandika neno "anateleza" badilisha pedi. Nazitengeneza hizi hapa Kizota, na pedi za mabandani naziona hali zake. Stiki ikishachakaa hairudi katikati sawasawa, mhusika anajivuta upande mmoja wewe hujagusa. Jaribu na pedi mpya, daraja lile lile, mara kumi. Ukiona bado anatumbukia, hapo kosa ni la gemu, andika bila huruma.

Nikupe la pili. Taja mashine uliyochezea. Sonic Heroes ya PS2 inakwenda picha 30 kwa sekunde, za GameCube na Xbox zinakwenda 60. Kwa gemu ya kasi hiyo si tofauti ndogo, mkono unaisikia. Mtu aliyeicheza kwenye GameCube akisoma karatasi yako atasema unaionea.

MzabibuMchanga

Asante fundi. Kesho natoa pedi mpya kwenye boksi.

Dada wa Mpwapwa

Habari kaka. Kuhusu kumaliza zote nne, mimi nasema lazima umalize, na nitakwambia kwa nini.

Levo ni 14, zile zile kwa kila timu, na mapambano ya mabosi ni 7. Ukicheza na Sonic, Tails na Knuckles unaona ni safari mpya. Ukija na timu ya Dark, yaani Shadow, Rouge na Omega, unakuta pwani ile ile na mji ule ule, ila maadui ni wengi zaidi na njia ni ndefu. Ukija na Amy, Cream na Big, njia imefupishwa na mwanzoni kabisa unapewa mafunzo. Mtu aliyeishia timu ya Sonic hajaonja lile linalochosha watu wengi, yaani kupita pale pale mara nne. Huwezi kulisema kwa haki kama hujalipitia.

Halafu timu ya Chaotix ndiyo iliyonibakiza. Wao wanapewa kazi, hawakimbilii mwisho tu. Pwani wanatafuta kaa 10. Kwenye kasino wanakusanya pete 200. Kwenye lile jumba la mizimu wanazima mienge 60. Mimi hiyo mienge ilibaki mmoja, nikalizunguka jumba zima upya. Nilichukia. Ila wakati natafuta nilikuta vyumba ambavyo na Sonic nilivipita mbio bila kuviona. Kwa hiyo kurudia kuna sura mbili, na zote unatakiwa uzieleze.

Kijana_UDOM

Mnaipamba sana. Gemu ambayo mhusika anaanguka bila kosa la mchezaji ni mbovu, basi. Wenzake nao wanapiga kelele maneno yale yale tangu mwanzo hadi mwisho. Mpe 4, waendelee na mpira wao.

Dada wa Mpwapwa

Kuanguka nakubaliana na wewe mdogo wangu. Ila zile sauti kwa mgeni ni msaada. Mara nyingi zinamwambia amweke nani mbele.

MzabibuMchanga

Kijana, sitaipa 4 kwa sababu hiyo tu, ila nimekusikia. Mashimo nitayaandika juu kabisa ya karatasi, sitayaficha chini.

MzeeWaMegaDrive

Wanangu salaam. Mimi Sonic nilianza naye ilipotoka ile ya kwanza ya 1991, kwenye Mega Drive, mashine ya Sega, ya shemeji yangu. Nikusaidie hilo la wakati wake na leo, maana yote mawili yanaingia kwenye sentensi moja.

Sega, kampuni yenye Sonic, waliacha kutengeneza mashine mwaka 2001, baada ya ile ya mwisho, Dreamcast. Sonic Heroes ilianza kutoka Japani mwishoni mwa Desemba 2003, na ndiyo Sonic mpya ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya mashine tatu za kampuni nyingine: GameCube, PS2 na Xbox. Walitaka kumkaribisha mtu ambaye hajawahi kumgusa Sonic, na hapo hapo wasiwapoteze wakongwe kama mimi. Ndiyo maana walimrudisha mamba Vector na wenzake wa Chaotix, ambao wengi walikuwa wamewasahau tangu gemu yao ya 1995. Nilipomwona yule mamba nilisimama.

Kwa hiyo mweleze mtoto kwamba ni gemu ya mwaka 2003, kisha mweleze itakavyomtendea leo saa kumi jioni akishika pedi. Hayo hayapingani.

Na tafadhali, usimtaje bosi wa mwisho. Ili kumfikia inabidi umalize hadithi zote nne na ukusanye zumaridi zote saba. Zumaridi zinapatikana kwenye levo ya pili ya kila eneo: unatafuta ufunguo uliofichwa, unaubeba hadi mwisho bila kuguswa na adui hata mara moja, ndipo unaingizwa kwenye lile bomba la kukimbizana nayo. Mtu akihangaika vyote hivyo halafu jina ameshalisoma ukutani, umemnyang'anya jasho lake.

MzabibuMchanga

Shikamoo mzee. Jina sitalitaja.

MzeeWaMegaDrive

Marahaba.

Mama Watatu Kondoa

Baba, naomba niulize kama mzazi. Wanangu wako watatu, wakubwa wana miaka 11 na 9, mdogo 7. Nikisoma ukutani "gemu ya timu, wahusika watatu kwa pamoja", nitatoa hela nikijua wote watatu watashika pedi. Ni hivyo?

MzabibuMchanga

Mama, umenishika pabaya, na nakushukuru. Hapana. Mtu mmoja ndiye anayewaongoza wote watatu. Ipo sehemu ya watu wawili, skrini inagawanywa katikati, lakini hapo mnashindana, timu kwa timu. Hamsaidiani. Na watatu hawaingii kabisa. Rasimu yangu ilianza na "gemu ya timu" kwa herufi kubwa. Wangekuja marafiki watatu, wawili wangekaa kutazama.

Damu hakuna, maadui wake wengi ni maroboti. Wa miaka 7 umwanzishie timu ya Amy.

FundiPedi

Kwa hiyo wale wawili wanaobaki wanafanya nini? Hilo ndilo la kuandika.

MzabibuMchanga

Wakuu, narudi na majibu. Jana Alhamisi niliwaita madogo watatu, nikawapa nusu saa bure, pedi mpya, levo ya kwanza ya pwani. Sikuwaelekeza kitu. Nilikaa nyuma na daftari.

Dakika tano za kwanza mwenye pedi alicheza na wa kasi peke yake. Akaanguka mara tatu. Na pedi ilikuwa mpya, fundi, kwa hiyo kosa ni la gemu. Kisha wakakwama kwenye mawe. Yule wa kushoto, ambaye Kiingereza cha kwenye skrini hakijui, akaona kwamba kila kiongozi ana rangi yake: wa kasi buluu, wa kuruka njano, wa nguvu nyekundu. Akapiga kelele, "Weka Simba!" Mwenzake akabadilisha, Knuckles akaja mbele, mawe yakapasuka. Basi rangi za timu za mpira zikawa ndiyo lugha yao. Ukuta mrefu, "Yanga! Yanga!" Njia imenyooka, "Azam, twende!" Wawili wasio na pedi walikuwa wamesimama, wanatazama mbele ya njia kuliko mwenye pedi mwenyewe. Yeye vidole vilikuwa na kazi, wao walikuwa macho yake. Kila wakifika alama ya katikati ya levo, pedi inahamia kwa mwingine, na hilo walilianzisha wenyewe.

Usiku nikaifuta rasimu yote. Mwanzo wa karatasi sasa unasomeka hivi:

"Gemu hii ni ya pedi moja, lakini njoo na rafiki wa kukuambia rangi. Ni ya mwaka 2003 na hapa utaicheza kwenye PS2. Utaanguka, na mara nyingine haitakuwa kosa lako, hasa madarajani na kwenye reli. Utapita sehemu zile zile na timu nne. Tatu nimezimaliza, nitaongeza nikimaliza ya nne. Ukikwama kwenye kasino, mwite mwenye banda."

Dada wa Mpwapwa

Ni ipi uliyobakiza?

MzabibuMchanga

Ya Chaotix dada. Nipo kwenye mienge, imebaki minne.

Kijana_UDOM

Hiyo ya "haitakuwa kosa lako" nimeikubali. Alama umeweka ngapi?

MzabibuMchanga

Sikuweka. Chini ya karatasi nimeacha nafasi, kalamu nimeifunga kwa kamba kwenye msumari, kila anayecheza anaandika yake. Leo Jumamosi mpaka saa tisa wameandika watano. Wawili wameweka 9, wawili 7, mmoja 4, na huyo wa 4 ameandika pembeni: "naanguka sana ila kesho nakuja".