Naomba programu ya kubadili koordineti, kona za kiwanja hazikai

Pima_Pima: Wakuu, habari za jioni. Nina ramani ya upimaji ya zamani, Dodoma mjini. Nimeingiza kona nne kwenye rova (kipokezi cha GPS cha kutembea nacho), RTK, yaani masahihisho ya papo hapo kutoka besi, imeshika vizuri, sentimita 2. Kona zote zimeangukia kama mita 310 kaskazini ya pale mwenye kiwanja anapodai ni kwake. Nisaidieni programu, ya bure kama ipo.

Nguzo ya Tatu: Ukubwa wa kosa unataja chanzo chake. Kimo kikipishana kwa mita 2 hivi, urefu wa fimbo haukuingizwa. Mita 3 hadi 5, besi (kipokezi kinachosimama) imejikadiria yenyewe badala ya kusimama kwenye nukta inayojulikana. Mita 300 kaskazini na 90 magharibi, umezisoma namba za Arc 1960, datamu (msingi wa koordineti) ya ramani za zamani za hapa, kama WGS84, ile ya GPS. Ramani inataja datamu gani?

Pima_Pima: Haijataja. Gridi ya UTM kanda ya 37 tu, E (namba ya mashariki) ni 804,000 na kitu.

Bandubandu: Miaka minne chuoni na hujui kwamba Clarke 1880, umbo la dunia la Arc 1960, si WGS84? Tengeneza bikoni za mpaka zenye magurudumu, ukikosea unasukuma.

Mama Viwanja: Mwanangu, programu iache kwanza. Umepigilia pegi au umezika bikoni?

Pima_Pima: Nimezika, za zege. Ila eneo ni tupu, na fundi ndiyo kwanza anachimba msingi, hajamwaga kitu. Mashine inasoma sentimita 2, mzee mwenye kiwanja anakumbuka tu. Ningemwamini nani?

Mama Viwanja: Simamisha huyo fundi leo, siyo kesho. Na mpima aliyesajiliwa anayesimamia kazi hii ni nani?

Pima_Pima: Hilo tutalimaliza baadaye, tujadili koordineti.

Kijiwe_Namba9: Chai hii. Dodoma mjini iko magharibi ya longitudo 36, kwa hiyo ni kanda ya 36. Kwenye 37, E ingekuwa 140,000 hivi. E ya 804,000 kwenye 37 ingemtupa Bahari ya Hindi, mashariki ya Zanzibar. Huyu katunga.

Bandubandu: Msingi ndani ya bahari, ajenge hoteli basi 😂

Pima_Pima: Rova iko 36 kusini, 37 nimeandika kwa mazoea ya Dar. Sina sababu ya kutunga.

Nguzo ya Tatu: Kijiwe, kanda umeipatia, ila fanya hesabu: mzizi wa jumla ya 300² na 90² ni 313. Mtunzi angeandika mita 50. Pima_Pima, sentimita 2 ni uhusiano wa rova na besi yako, haithibitishi ramani. Usitegemee programu yenye vigezo vya wastani vya Kenya na Tanzania (kusogeza X, Y, Z kwa mita −160, −6, −302). Kila kimoja kina shaka ya mita 20 hivi, vinafaa kuangalia ramani, siyo kurudisha mpaka. Tafuta bikoni za zamani zilizomo kwenye ramani hiyohiyo, tatu au zaidi, zinazozunguka kiwanja. Kaa juu ya kila moja dakika 3, kisha rudia baada ya saa moja. Fanya kalibresheni ya eneo, yaani kuoanisha vipimo vya rova na koordineti za ramani. Mabaki (tofauti inayobaki) yakizidi sentimita 5 kwenye moja, huenda hiyo imeng'olewa ikarudishwa, itoe. Ukihakiki kwa utepe, kumbuka pale umbali wa gridi, unaotoka kwenye koordineti, ni mrefu kuliko wa ardhini kwa karibu sentimita 6 kila mita 100.

Mama Viwanja: Na zile ulizozika usizing'oe kimyakimya usiku. Mpima aliyesajiliwa aje, aandike, ndipo zitoke.

Pima_Pima: Fundi amesimama. Bikoni za zamani nimepata mbili, ya tatu imejengewa ukuta. Mbili zinatosha?

Nguzo ya Tatu: Mbili zinakupa jibu bila mabaki, kwa hiyo hata moja ikiwa imehamishwa hutajua. Pima umbali kati yake kwa totali stesheni (kifaa cha kupima pembe na umbali), linganisha na umbali wa koordineti za ramani baada ya kuutolea zile sentimita 6 kila mita 100. Halafu tafuta kona ya jirani iliyo kwenye ramani hiyo. Hizo mbili zina namba gani?