MJADALA: Hong Kong ni bandari ya udi, si ya maji matamu

Wadau, mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba Hong Kong, "bandari yenye harufu nzuri", imepewa jina hilo kwa sababu ya maji matamu ya kijito walichokuwa wakichota mabaharia kusini mwa kisiwa. Naomba nipinge.

Kwanza, sote tunakubaliana kwamba Waingereza walipotwaa kisiwa mwaka 1841, jina hilo halikuwa la kisiwa kizima. Lilikuwa la kijiji kidogo upande wa kusini, jirani na panapoitwa Aberdeen leo. Mpaka sasa Wakanton, Wachina wa huko, hupaita Aberdeen Heung Gong Tsai, yaani Hong Kong Ndogo; kwao Hong Kong ni Heung Gong, heung ikiwa harufu nzuri na gong bandari. Sasa kijiji kile kilinukia nini?

Maji yalikuwepo, sikatai. Karibu na Pok Fu Lam kuna maporomoko yanayoangukia ufukweni, na mwaka 1816 meli za ujumbe wa Lord Amherst, mjumbe wa Uingereza kwa China, zilisimama hapo kuchota. Ila Mkanton akisifu maji husema ni tim, matamu. Heung ni harufu, na ndilo jina la vijiti vinavyochomwa hekaluni. Wengine, kutetea hoja ya maji, wanaleta jina la kishairi la Hong Kong, Heung Gong lenye maana ya Mto Unaonukia. Sikilizeni sauti basi: gong ya mto hutamkwa juu na kunyooka, gong ya bandari hupanda. Hata kwenye maandishi ya Kichina ni herufi mbili tofauti.

Tazameni biashara yenyewe. Enzi za Ming, ukoo uliotawala China kabla ya Qing, miti ya udi ilipandwa Dongguan na Sha Tin, upande wa bara. Mzigo ulifikishwa Tsim Sha Tsui, bara mkabala na kisiwa, kwenye gati lililoitwa Heung Po Tau, gati la udi. Kutoka hapo ukavushwa kwa mashua hadi Shek Pai Wan, ambayo ndiyo ghuba ya Aberdeen, kisha ukasafirishwa Guangzhou na kwingineko. Mzigo ni uleule, njia ni ileile.

Na ni udi hasa, wa mti wa jamii moja na ule ambao vipande vyake tunavifukiza kwenye vyetezo Zanzibar na Mombasa. Mti ukijeruhiwa na kuvu wakauingia, hutoa utomvu mweusi, na humo ndimo iliko harufu. Biashara iliporomoka miaka ya 1660, utawala wa Qing ulipowahamisha kwa nguvu watu wa pwani. Miti bado ipo kwenye milima ya Hong Kong, na inauma kwamba wezi wanaendelea kuikata.

Kisa cha Heung Ku, mke wa haramia anayedaiwa kukipa kisiwa jina, mimi nakiweka kando. Wanaokisimulia kama cha mwanzoni mwa karne ya 19 wanasahau kwamba jina tayari lilikuwa kwenye ramani ya pwani ya Guangdong iliyomo katika kitabu cha mwandishi Mchina Guo Fei cha mwishoni mwa karne ya 16.

Wenzangu wa upande wa maji, nijibuni hili: ikiwa heung ya gati la Tsim Sha Tsui ni udi, kwa nini heung ya ghuba iliyopokea mzigo huohuo iwe kitu kingine?