Nimechoka na simu za "dakika tano tu"! Namba yangu mmeitoa wapi?

Jamani, mwenzenu jana nimeunguza mkate wa sinia wa watu. Si kwa uzembe, wallahi. Kwa simu.

Najua mtakavyoniambia: usishike namba usiyoijua. Haya, nyinyi wa mshahara mwaweza. Mimi napika mikate ya sinia na mahamri hapa Majengo, Mombasa, na kila mteja wangu mpya huanza kwa kuwa namba ngeni. Wa Tudor kapewa namba yangu na wifi yake, wa Likoni kaonja kwenye hitima akauliza nani kapika. Nisiposhika, oda imekwenda kwa mwengine. Kwa hivyo nashika, kila mara, na mkono umejaa tui.

Jana saa kumi nilikuwa kwenye mkate wa tisa, oda ilikuwa kumi na mbili. Wanaoupika wanajua, ukishamimina hapo huondoki. Wangoja utoe vitundu juu, kisha waipindua sufuria ielekee makaa upate rangi, na baina ya rangi na masizi hapana hata muda wa kupiga chafya. Simu ikalia, inaanza na 020. Nikajisemea, huenda ni ofisi ya Nairobi, wana mkutano huku wataka vitafunio. Tamaa hiyo.

"Hujambo madam, naomba dakika zako tano tu, tunafanya utafiti mfupi. Simu hii inarekodiwa." Nyuma yake nasikia sauti nyingine chungu nzima zikisema maneno hayo hayo, kama watoto wa chuoni wanaosomeshwa juzuu moja.

Nikamwambia, mwanangu, niko jikoni. Akasema hatanichelewesha. Nyumbani mko wangapi? Nani mwenye kauli kwenye matumizi? Mwapikia gesi au makaa? Paa ni mabati au vigae? Wiki iliyopita mlinunua mafuta ya kupikia lita ngapi? Kwa kipimo cha 1 hadi 5, madam, umeridhika vipi na maisha yako kwa jumla? Hapo harufu ikanifika puani. Nikamwambia andika sufuri. Akaniambia sufuri haimo.

Na mwisho wake sasa! Utafiti wenyewe ulikuwa wa bima ya mazishi. "Kwa vile umesema mko saba nyumbani, tuna ofa ya familia..." Subhanallah. Yaani mtu ananihesabishia watu wangu mmoja mmoja ili aniuzie maziko yao. Huku kwetu mtu akifa alfajiri, alasiri keshazikwa, jeneza ni la msikitini, kaburi wamechimba vijana wa mtaani. Hiyo bima mpaka fomu zijazwe na mihuri igongwe, sisi matanga tushaanua zamani.

Niwe mkweli, sina ugomvi na watafiti. Niliwahi kupigiwa na binti mmoja, akajitaja jina, akasema anayemtuma ni nani na majibu yatatumiwa wapi, akauliza kama nina nafasi. Nikasema sina. Akasema asante mama, akakata. Huyo ni mtafiti. Hawa wengine ni wachuuzi waliovaa kanzu ya mtafiti, na utawajua kwa dalili moja: hawalijui neno "sitaki". Ukisema sitaki wakuuliza sababu, ukitaja sababu wana jibu lake limeandikwa mbele yao.

Nikamwuliza, namba yangu umeipata wapi? "Kompyuta imeichagua kwa bahati nasibu, madam."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Njia hiyo ipo kweli, kompyuta hujitungia tarakimu baada ya 07 au 01 kisha ikapiga. Lakini kompyuta ya aina hiyo haijui jina la mtu. Na huyu, sikuwaambia mwanzo, neno lake la kwanza kabisa lilikuwa, "Naongea na Bi Mikate?"

Hakuna binadamu aniitaye Bi Mikate. Kitambulisho hakisemi hivyo. Kwenye M-Pesa pia silo, na huko jina langu la kweli wangelipata kwa urahisi, maana ukianza kutuma pesa tu linajitokeza. Jina hilo nimeliandika pahali pamoja tu duniani: daftari la getini la jengo moja hapa mjini, nilikopeleka mahamri miezi miwili nyuma.

Hilo daftari mnalijua. Jalada gumu, kona zimekunjika kwa jasho la watu, kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia isiibwe. Kalamu imefungwa, namba zetu ziko wazi! Jina, kitambulisho, simu, watoka wapi, wamwona nani, sababu. Juu yangu palikuwa na watu kama kumi na tisa, na kwa vile lifti ilikuwa mbovu na mteja ateremka kwa ngazi, nimewasoma wote. Kuna dada alikuja kwa wakili na kwenye safu ya sababu kaandika "talaka". Sasa nikiwa mimi mpika mahamri nimeijua talaka ya mtu nimesimama tu na beseni, huyo mwenye nia mbaya atajua mangapi? Kwa hasira ya jua nikaandika "Bi Mikate". Namba nikaweka ya kweli kwa sababu mteja alikuwa hajanilipa.

Leo asubuhi nimetia buibui nikaenda.

"Askari, haya madaftari yakijaa hupelekwa wapi?"

"Huja kuchukuliwa, mama."

"Na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi gani?"

Akatazama barabarani. "Mimi naandikisha tu, mama. Ukitaka kuuliza zaidi panda juu." Kisha akanisogezea daftari na kalamu niandike jina, kitambulisho na namba ya simu ndio nipande kulalamika.

Simlaumu yeye. Kijana wa watu asimama juani kutwa nzima na ameambiwa kila anayeingia aandike. Aliyemwambia ndiye namtaka.

Mikate mimi nitapika mingine (kumi na mmoja ilifika, ule wa tisa tumeula wenyewe tukiukwangua). Kinachonikosesha usingizi ni mamangu. Ana miaka 74, na kwake yeye salamu ni deni. Mtu akimtolea shikamoo, basi atajibu marahaba na kila litakalofuata. Mwezi uliopita nimeingia nimkute ameketi kibarazani, miwani puani, kitambulisho amekishika mbali na uso, anamsomea mtu namba tarakimu moja moja. Eti utafiti wa afya ya wazee. Alipomaliza akamwuliza, "Na wewe mwanangu, ushakula?" Nilipompokonya simu nikakata, aliyenuna ni yeye, na mimi ndiye nilohesabiwa sina adabu. Sasa mtu kama huyu, siku akipigiwa na hawa wa "mama, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie", atamjua vipi kuwa ni tapeli? Wote waanza kwa shikamoo.

Na msiniambie hakuna sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 31 yataja faragha waziwazi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37 chakataza taarifa za mtu kutumiwa kibiashara bila idhini yake, labda pawe na sheria nyingine iliyoruhusu. Na kifungu cha 32 ndicho nikipendacho: wao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kuwa uliridhia. Wakikwambia "ulikubali, mama", waambie leteni ushahidi, usianze kujikuna kichwa ukikumbuka. Wala si sheria ya kuwekwa kabatini. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Picha! Je, rundo la madaftari lenye vitambulisho na simu za mji mzima?

Lalamiko waweza kulipeleka kwenye ofisi ya huyo Kamishna hata kwa mdomo, wao ndio wataliandika, na sheria yawapa siku 90 kulichunguza na kulimaliza. Langu naliandika usiku huu baada ya kulowesha mchele. Nimeweka tarehe, saa na namba iliyopiga. Yule kijana alisema simu inarekodiwa, basi na waicheze hiyo rekodi, wasikie alivyonitaja.

Na tangu leo kila geti napeana jina lake. Moi Avenue mimi ni Bi Vitumbua. Nyali ni Bi Kaimati. Lile jengo la Nkrumah Road lenye askari mkali ni Bi Mkate wa Mofa. Atakayenipigia, kabla hajamaliza kusema hujambo nitakuwa nimejua katokea mlango upi.

Sasa nauliza, kuna mwengine hapa kapigiwa kwa jina alilolibuni mwenyewe getini, dukani, hospitali, popote? Liandikeni hapa chini pamoja na mtaa. Namba zenu msiweke, tafadhali, hata kama mwataka oda.