Laki nne kwa chakula cha jioni cha watu wawili, ina thamani? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tumetimiza miaka kumi ya ndoa. Nilidunduliza miezi mitatu, nikampeleka kwenye hoteli moja kubwa hapa Dar (jina naliacha). Sahani saba, zinaletwa moja moja. Bili ikaja Sh 412,000, na hapo hakuna pombe, sisi hatunywi.

Sahani ya tatu ilikuwa kipande cha changu, kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na ukwaju kwa mbali. Mke wangu alikulia Kilwa, samaki anamjua. Aliweka uma chini akanyamaza, halafu akasema hajawahi kula samaki aliyeivishwa kwa kipimo kile, nyama bado ina maji yake. Nikaona hela yangu imefika.

Sahani mbili za mwisho zikaja zimepoa, na mhudumu hakurudi tena mezani kwetu. Hilo limeniuma mpaka leo. Shibe naipata kwa mama ntilie kwa bei ndogo sana. Pale nililipia kuhudumiwa.

Waliowahi kula sehemu za namna hii: mlipata nini, na mngerudi?

#2
Hapana. Niliajiriwa, nikapelekwa na bosi, nikahesabu kodi ya chumba changu iko mezani. Sikufurahia hata tonge moja.

#3
Mkuu, nimekaa jikoni hotelini Zanzibar miaka sita, acha niseme hela inakokwenda. Tulifundishwa malighafi isizidi kama theluthi ya bei. Zinazobaki ni mishahara, umeme, jenereta, gesi, vyombo vinavyovunjika, na VAT ya serikali. Pweza wetu tulimnunua kwa wavuvi asubuhi, tukampika taratibu saa nzima na zaidi mpaka alainike, kisha akapitishwa kwenye mkaa dakika chache tu. Kazi yote hiyo mteja anaiona kama vipande vinne. Usiku wenye wageni thelathini, jikoni tulikuwa watu tisa. Kwa hiyo bei kubwa si wizi moja kwa moja. Wizi ni kukutoza bei hiyo halafu samaki ametoka kwenye friza wakati bahari iko mita mia mbili.

#4
Sisi Nairobi tulimpeleka mzee wetu kwenye mgahawa wa nyama choma wa Carnivore alipostaafu. Kule nyama inaletwa mezani na unaendelea kukatiwa mpaka ulaze kibendera kilichopo mezani, ishara kwamba umeshiba. Mzee alikataa kukilaza. Alikaa saa tatu akisimulia mambo ya kazini ambayo hatukuwahi kuyasikia maisha yetu yote, na mwaka uliofuata tukamzika. Mimi siwezi kusema ilikuwa ghali. Ushauri tu, ukila kule Kenya: soma menyu uone kama VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 vimo ndani ya bei, usije ukashtuka.

#5
Niko Ufaransa. Migahawa mingi mizuri hapa ina menyu ya mchana, jiko lile lile na wapishi wale wale, kwa bei ya chini sana kuliko usiku. Huduma imo ndani ya bei, na maji ya bomba ukiomba jagi hulipii. Nimekula hivyo mara mbili, nikatoka na furaha kamili. Usiku siendi.

#1
Asanteni sana, hasa mpishi. Swali moja: zile sahani zilizopoa, ningeweza kuzirudisha? Niliogopa kumharibia mke wangu usiku wake.

#3
Ulitakiwa kuzirudisha, mkuu. Unamwita mhudumu kwa upole, unamwambia imepoa. Jikoni hatuipashi moto, tunapika nyingine. Siku nyingine mwambie mara tu ukionja tonge la kwanza, maana sahani ikirudi nusu ndipo maneno yanapoanza.