Mrejesho: Kipimo cha kingamwili dhidi ya WT1 kwa wagonjwa wa lukemia

Ndugu wataalamu, narudi na mrejesho. Niliuliza kwa nini kipimo changu cha ELISA (kipimo cha maabara ambacho rangi ikikolea huashiria kingamwili nyingi) cha kutafuta kingamwili dhidi ya WT1, protini inayozalishwa kwa wingi na seli nyingi za lukemia (saratani ya damu), kilisoma juu hata kwa seramu (majimaji ya damu yaliyoondolewa seli) za watu wenye afya. Namshukuru hasa aliyeshauri nichanganye kwanza seramu na maji ya bakteria wa E. coli waliopasuliwa, kwa kuwa WT1 niliyoipaka kwenye vishimo vya sahani ya kipimo ilitengenezwa ndani ya bakteria hao, nao karibu kila mtu ana kingamwili dhidi yao. Tatizo lilikuwa hapo hapo: baada ya kuzichanganya usiku kucha kwenye nyuzi 4, rangi ya njano ilififia sana katika seramu za wenye afya, ilhali baadhi ya za wagonjwa zilibaki juu.

Ushauri wa kuthibitisha kwa kutenganisha protini kwenye jeli na kuzihamishia kwenye utando umenisaidia nusu tu. Seramu kali zilionyesha mstari kwenye kilodaltoni 50 hivi (kipimo cha uzito wa protini), unaolingana na WT1. Zile dhaifu hazikuonyesha kitu, pengine kwa sababu kuchemsha protini huharibu umbo ambalo baadhi ya kingamwili hulitambua.

Kwa aliyeuliza kama kingamwili hizi huua seli za lukemia: WT1 hukaa hasa ndani ya kiini cha seli, ambako kingamwili hazifiki, hivyo nazichukulia kuwa dalili tu kwamba mfumo wa kinga umekwisha kuiona protini hiyo. Wenye afya wachache bado wanasoma juu, na sijawaondoa kwenye matokeo.