Mrejesho: nilipima VMA, mita 400 zimekubali, 1,000 bado

Bayaya, mwezi jana niliwauliza kwa nini nikikimbia mita 400 mara nane, ya nne inanimaliza kabisa. Aksanti sana kwa wote mliojibu.

Nilimfuata yaya mmoja kati yenu aliyesema nipime kwanza VMA, ile kasi ambayo mwili unafikia kikomo cha kutumia oksijeni. Nikakimbia dakika 6 kwa nguvu zote kwenye uwanja wa shule huku Lubumbashi, mdogo wangu akishika saa. Mita 1,440. Gawa kwa 100: VMA ni kilomita 14.4 kwa saa, yaani mita 4 kwa sekunde. Basi 400 ni sekunde 100. Mimi nilikuwa naikimbia kwa 85!

Sasa namaliza zote nane. Sekunde 30 mbio, 30 polepole, nazo zimekubali: nimeweka jiwe kwenye mita 120, mdogo akipiga filimbi niwe nimelifikia.

Mita 1,000 ndizo zimenishinda. Nilizikimbia kwa VMA nzima, dakika 4 na sekunde 10. Ya tatu nikakaa chini kwenye vumbi jekundu. Mlinionya nishuke hadi asilimia 90 ya VMA, sikusikia. Jumamosi najaribu hiyo 90, yaani dakika 4 na sekunde 38.